Ubao Mweupe Kilimani

Kusini mwa Boston, nje kidogo ya jiji, kuna kilima kiitwacho Great Blue Hill. Kilele chake hakifiki hata mita 200. Namba inayotajwa ni 193 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto au wa Kericho angekipanda huku anaongea na simu, na asingekiita mlima hata kwa kumfurahisha mwenyeji. Lakini katika majira ya baridi ya 2014 kuingia 2015, ambayo watu wa Massachusetts wanayasimulia mpaka leo, kituo cha hali ya hewa kilichoko juu ya kilima hicho kiliandika jumla ya inchi 150.8 za theluji, yaani kama sentimita 383. Uwanja wa ndege wa Boston, ulioko ufukweni kabisa, uliandika inchi 110.6, kama sentimita 281, na hiyo peke yake ilivunja rekodi ya jiji. Kati ya sehemu hizo mbili pana safari fupi ya gari. Theluji ilizidiana kwa mita moja nzima.

Namba hizo zilipatikana kwa rula. Kuna mtu aliyetoka nje alfajiri, akapiga magoti, akasoma rula juu ya ubao, akaandika, akaufuta ubao, akarudi ndani. Zilipopita saa kadhaa akatoka tena. Akafanya hivyo majira mazima. Nimekuwa nikiifuatilia kazi hii kwa muda sasa, na sijaona nyingine inayodai usahihi mkubwa hivi kwa vifaa rahisi hivi.

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumezoea theluji inayojua mahali pake. Huku, urefu ambapo hewa hufikia nyuzi sifuri hucheza karibu na mita 5,000 mwaka mzima. Theluji ya Kibo na ya Mlima Kenya inabaki kule, migomba inabaki huku, na hakuna mwenye shamba anayekesha akijiuliza kama leo itamfikia mlangoni. (Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kuiandikia Ulaya habari yake, walitokea wataalamu waliokaa London, wasiowahi kukanyaga huku, wakambishia kwa miaka. Ugomvi kati ya aliyekwenda kuona na aliyebaki kwenye kiti haukuanza leo.) Massachusetts mstari huo unaotenga theluji na mvua hauna makazi. Unaweza kushuka mpaka baharini, ukapanda tena kabla ya chakula cha mchana, na kuna usiku ambao unapita katikati ya mitaa ya watu: walioko juu wanaamkia theluji ya magotini, walioko chini wanaamkia madimbwi. Wakenya wengi wamehamia Lowell na Worcester, na asubuhi ya dhoruba ndugu wawili wanaweza kubishana kwa simu kuhusu hali ya hewa, kila mmoja akisema kweli.

Chanzo cha haya yote ni tabia ya hewa kupoa kadiri unavyopanda. Kwa wastani hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita. Kwa hiyo kupanda kutoka ufukweni hadi kileleni mwa Blue Hill ni kupoteza nyuzi moja na kidogo. Siku nyingi za mwaka nyuzi moja haimshughulishi mtu. Ila nyuzi moja inayovuka sifuri ni jambo jingine, kwa sababu upande mmoja wa sifuri kuna maji na upande wa pili kuna theluji.

Hata hivyo sifuri yenyewe si mpaka mkali. Chembe ya theluji inayoingia kwenye hewa yenye joto haiyeyuki papo hapo. Kwa kawaida hushuka mita 200 au 300 zaidi kabla ya kugeuka mvua kabisa. Na inapoyeyuka hula joto. Kila gramu ya barafu inayogeuka maji huchukua jouli 334 kutoka kwenye hewa inayoizunguka, na hewa ile inapoa. Matokeo yake ni jambo ambalo mtabiri mchanga huona ni kinyume cha akili: theluji ikianguka kwa nguvu na kwa muda mrefu, hujitengenezea baridi yake na kuushusha mstari wake wenyewe. Katika mabonde membamba ya milima ya Alps, ambako hewa ya kupoozwa ni chache kwa kuwa kuta za mlima zimebana, mvua inaweza kuanza jioni bondeni na kugeuka theluji usiku bila upepo wowote wa baridi kuja kutoka nje.

Kuna baridi nyingine inayotoka kwenye ukavu. Mtungi wa udongo ukiwekwa penye upepo hupoza maji kwa sababu unavuja jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Hewa kavu inayonyeshewa hufanya vivyo hivyo, maana kukausha gramu moja ya maji huchukua joto mara saba na zaidi kuliko kuyeyusha gramu moja ya barafu. Ndiyo maana vituo vya hali ya hewa viliweka tangu zamani vipimajoto viwili kando kwa kando, kimoja kikiwa kimevishwa kitambaa kilicholowa. Kile kikavu kinasema hali ilivyo sasa. Chenye kitambaa kinasema hali itakavyokuwa hewa ikishiba maji. Hewa ya nyuzi 4 yenye unyevu wa asilimia 40 inaonekana kwa mtu wa kawaida kuwa na joto la kutosha kufukuza theluji yoyote. Kipimajoto cha kitambaa, kwa hewa hiyohiyo, kinagusa sifuri. Mtabiri mzuri wa theluji huangalia kitambaa kwanza.

Sasa fikiria kazi yake. Akikosea nyuzi moja tu katika hesabu ya joto, mstari wa theluji aliouchora kwenye ramani unahama kwa mita 150 kwenda juu au kwenda chini. Huku kwetu mita 150 za mwinuko ni kona moja ya barabara ya Usambara. Katika nchi ya vilima vya chini kama Massachusetts, ni tofauti kati ya vitongoji vya Boston na nusu ya njia ya kwenda Worcester, ambako uwanja wa ndege uko juu kidogo ya mita 300. Ni maelfu ya nyumba, shule za kufungwa au kutofungwa, na magari ya kumwaga chumvi yatakayotumwa mtaa huu au ule.

Mwisho wa Oktoba 2011 mambo haya yalionekana wazi. Dhoruba ilipita tarehe 29 na 30, miti ikiwa bado na majani. Boston ilipata kama inchi moja. Peru, mji mdogo ulio juu ya vilima vya Berkshire magharibi mwa jimbo hilohilo, ulipata inchi 32, sentimita 81. Theluji ya mstarini huwa mbichi na nzito, inashika kila jani inaloligusa, na matawi hayakujengwa kwa mzigo huo. Yalivunjika yakaangukia nyaya, na zaidi ya wateja milioni 3 wa umeme wa kaskazini-mashariki ya Marekani walikaa gizani. Tarehe 4 Oktoba 1987 jimbo la New York lilikuwa limeonja jambo kama hilo. Albany, iliyo bondeni kando ya mto Hudson, ilipima inchi 6.5, na vilima vinavyoizunguka vikapima kupita futi moja. Wakati wa kuvunja miti, mstari ule ulikuwa unasomeka kwa macho kwenye mteremko: chini ya urefu fulani matawi yote mazima, juu yake msitu umelala.

Ila nisiache ionekane kwamba joto ndilo linalofanya kila kitu. Majira yale ya 2015 yalikuwa ya baridi kali; sehemu kubwa ya theluji yake ingeanguka ikiwa theluji hata baharini. Kilima husaidia kwa njia nyingine pia. Upepo unaotoka baharini ukikutana na mwinuko hulazimika kupanda, hewa inayopanda hutanuka, inayotanuka hupoa, na inayopoa hutema maji iliyokuwa imeyabeba. Nao uwanja wa ndege wa Boston uko ukingoni mwa bahari, ambayo mwanzoni mwa majira bado ina joto la kiangazi tumboni, na upepo wake hautulii. Ukitaka kujua ni sentimita ngapi zililetwa na mwinuko, ngapi zililiwa na bahari, na ngapi zilipeperushwa tu kutoka kwenye ubao wa mpimaji, unarudi palepale: kwa mpimaji. Kama yeye hakuaminika, hesabu yote ni hewa.

Kituo cha Blue Hill kilianzishwa na kijana tajiri, Abbott Lawrence Rotch, mwaka 1885, akiwa na miaka 24. Alikijenga kwa fedha zake. Rika lake la Boston lilinunua mashua. Yeye alinunua vipimajoto. Mwezi Agosti 1894 yeye na wenzake walirusha tiara kutoka kileleni, na kwenye uzi wake wakaning'iniza kipimajoto kinachojiandikia chenyewe. Kilipanda mamia ya mita na kurudi na mstari wa wino uliochora jinsi hewa inavyopoa. Habari ile niliyoieleza kwa sentensi moja, ya nyuzi 6.5 kwa kilomita, ilibidi watu waivute chini kwa uzi siku moja baada ya nyingine, maana hewa haifuati wastani. Kuna asubuhi hewa ya juu ina joto kuliko ya chini. Kuna siku inapoa haraka karibu mara moja na nusu ya kawaida. Rotch alitaka kujua ya siku ileile.

Lakini ninachokihusudu zaidi pale ni ukaidi wa kutohama. Vituo vingi vya mijini vimehama kila mji ulipopanuka. Vipimo rasmi vya Boston vyenyewe vilipelekwa uwanja wa ndege katika miaka ya 1930, kutoka katikati ya mji hadi penye maji. Kila kituo kinapohama, kumbukumbu inakatika: huwezi kujua kama theluji ilipungua kweli au ni ubao uliosogezwa. Blue Hill wamepima kilima kilekile kwa zaidi ya miaka 130, na vifaa vya mtindo wa zamani wanavitumia hadi leo, barometa ya zebaki ikiwemo, ili namba ya leo iweze kukaa meza moja na namba ya babu wa babu.

Na kazi yenyewe? Ubao wa theluji ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeupe. Weupe si urembo. Rangi nyingine yoyote hunyonya mwanga hata siku ya mawingu, ubao ukapata joto, na chembe za mwanzo zikafia juu yake kabla ya kuhesabiwa. Kuuweka mahali ni nusu ya ufundi. Ukiuweka uwanja mtupu, upepo utaufagia. Ukiuegemeza ukutani, nyumba itaurundikia theluji isiyokuwa yake. Chini ya mti ndiyo usiseme, kwa sababu mti hupokea kwanza na kumwaga baadaye kwa wakati wake. Mpimaji hutafuta uwazi mdogo uliozungukwa na kinga iliyo mbali kidogo, na anachomeka kijiti chenye kitambaa kando ya ubao, kwa sababu dhoruba ikikolea hataukumbuka ulipo. Wapimaji wengine huchukua mwaka mzima kujua ni kona ipi ya uwanja wao isiyodanganya.

Wakati wa kusoma unapofika, anakaribia kutoka upande ambao hatautikisa. Anashusha rula wima, bila kuisukuma, mpaka iguse ubao, na kuna sauti ndogo ya kugonga inayomhakikishia kwamba rula haijasimama kwenye tabaka la barafu katikati. Anainamisha kichwa mpaka jicho liwe sawa na uso wa theluji, maana ukisoma kutoka juu utaibia au utaongeza. Rula yake haigawanywi kwa robo na nusu kama ya fundi seremala; inchi imegawanywa mara kumi. Anasoma sehemu tatu au nne, anachukua wastani. Anaandika kabla ya kufuta. Kisha anafuta ubao mpaka mkavu, na kuulaza juu ya theluji iliyopo, usawa na uso mpya, tayari kwa zamu inayofuata.

Vipo vipimo viwili na watu huvichanganya kila mwaka. Theluji mpya hupimwa ubaoni, kwa sehemu ya kumi ya inchi. Kina cha theluji yote iliyolala ardhini, mpya na kuukuu, hupimwa mara moja kwa siku, kwa inchi nzima. Mtangazaji wa televisheni anayechomeka rula kwenye rundo mbele ya hoteli hajapima chochote kati ya hivyo. Amepima kazi ya mtu mwenye beleshi.

Na kuna kipimo cha tatu nikipendacho kuliko vyote, ambacho hakina namba. Chembe zikionekana angani, au zikagusa ubao na kupotea, mpimaji anaandika herufi T. Maana yake: imeanguka, haipimiki. Kwenye hesabu za mwezi T haiongezi namba. T kumi zikijumlishwa zinatoa T moja. Mtu anaweza kuiona ni karani tu anayejipa kazi, lakini kwa suala letu la mwinuko herufi hii ina thamani kubwa. Usiku ambao kituo cha kilimani kimeandika inchi 3 na cha bondeni kimeandika T, tunajua mstari ulipita wapi: ulifika bondeni, ukagusa, ukarudi juu. Kama mpimaji wa bondeni angeona uvivu kutoka nje, au angeandika sifuri kwa kuwa ubao ulikuwa mweupe na mtupu, habari hiyo ingepotea.

Baada ya urefu huja uzito. Rula, ukiifikiria vizuri, hupima hewa zaidi ya maji. Kuna desturi ya kusema inchi 10 za theluji ni inchi moja ya mvua, nayo ni desturi ya wasiopima. Theluji ya mstarini, iliyoanza kuyeyuka, inaweza kuwa 5 kwa moja, na ukiifinya mkononi inatoa maji. Ya baridi kali inaweza kuwa 20 kwa moja au zaidi, na ukiipuliza inaruka. Mwinuko unacheza hapa pia. Wingu moja likidondosha maji yaleyale bondeni na kilimani, bonde litapata tabaka fupi zito na kilima kitapata refu jepesi. Mwenye rula peke yake atasema kilima kimepata mara mbili. Mwenye rula na mizani atasema wamegawana sawa, ila kilima kimepewa yaliyojaa hewa.

Kwa hiyo mpimaji ana kopo. Ni la bati, mdomo wake una kipenyo cha inchi 8, na wakati wa baridi linaachwa wazi bila faneli wala mrija wake wa ndani. Analiingiza nyumbani, anapima maji ya moto, anayamwaga juu ya theluji mpaka iyeyuke, kisha anamimina yote kwenye mrija mwembamba na kutoa yale aliyoyaongeza. Eneo la mrija ni sehemu ya kumi ya eneo la mdomo wa kopo, hivyo kila kina kinakuzwa mara kumi na jicho linaweza kusoma sehemu ya mia ya inchi. Siku ya upepo, ambapo chembe zimepita juu ya kopo bila kuingia, anatumia njia ya pili: analipindua kopo, analikandamiza ubaoni, anapitisha bamba chini yake na kuondoka na kipande cha mviringo cha theluji, kimekatwa kama kwa kisu. Hicho ndicho anachoyeyusha. Maji hayo, nusu kikombe hivi, yakishasomwa yanamwagwa kwenye sinki.

Aliyeifikisha hesabu ya uzito mbali zaidi alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki. James Edward Church alifundisha lugha hizo katika Chuo Kikuu cha Nevada mjini Reno, na akawa na tabia ya kupanda Mount Rose wakati wa baridi, mlima wa mita 3,285, watu wa mjini wakidhani ana matatizo. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliweka kituo kule juu na kutengeneza mrija wa chuma wenye meno mdomoni. Unauzungusha na kuushindilia mpaka ardhini, unauvuta na theluji iliyomo, unaupima kwa mizani. Mirija iliyofuata mfano wake ilipewa kipenyo ambacho wakia moja ya theluji ni sawa na inchi moja ya maji, hivyo mtu anayetetemeka kwenye mteremko hana hesabu ya kufanya. Anasoma mizani tu. Huo ndio ufundi ninaouheshimu: aliyebuni kifaa alikumbuka vidole vya atakayekitumia. Mashamba na miji ya chini, iliyokuwa ikigombea maji ya Lake Tahoe, ilianza kujua mwezi Aprili kiasi cha maji yatakayokuja Juni.

Nimemweka wa mwisho mpimaji wa Tug Hill, kwa sababu huko ndiko mwinuko mdogo unakofanya ujeuri mkubwa kuliko kote ninakokujua. Ni uwanda ulioko mashariki ya Lake Ontario, jimbo la New York. Ziwa lenyewe liko mita 75 hivi kutoka usawa wa bahari. Uwanda unapanda polepole kwa makumi ya kilomita mpaka kupita mita 600. Ukiendesha gari hutahisi kama unapanda. Wakati wa baridi upepo mkavu kutoka Kanada unapita juu ya ziwa ambalo halijaganda, unanyonya unyevu na joto, na kujenga mawingu marefu membamba ambayo vilele vyake mara nyingi havizidi kilomita tatu. Wingu fupi namna hiyo, ukilipandishia ardhi kwa nusu kilomita, umegusa sehemu kubwa ya kimo chake. Juu ya uwanda huanguka zaidi ya mita tano za theluji kwa mwaka, na ufukweni huanguka pungufu kwa mbali.

Januari 1997 mji mdogo wa Montague, juu ya uwanda huo, ulitangaza inchi 77 ndani ya saa 24. Ilikuwa inazidi rekodi ya Marekani, inchi 75.8, iliyopimwa Silver Lake, Colorado, Aprili 1921. Idara ya hali ya hewa iliunda kamati. Kamati haikumshuku mpimaji. Ilikagua mahali pake, ikakagua saa zake, na kukuta kwamba inchi 77 zilikuwa jumla ya vipimo sita, wakati kanuni inaruhusu vinne: kila baada ya saa sita, si zaidi. Theluji hujishindilia kwa uzito wake tangu inapotua. Kila ukifuta ubao unalipatia tabaka jipya nafasi ya kukaa bila mzigo, na ukifuta mara nyingi vya kutosha unaweza kuongeza inchi kadhaa bila kusema uongo hata mmoja. Rekodi ilikataliwa. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, ingawa ni rahisi kumhurumia mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutoka nje mara nyingi kupita kiasi, katika dhoruba ambayo wengine wasingefungua hata mlango.

Miaka kumi na saba hivi baadaye, majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014, watafiti walipanga rada ndogo zinazotazama juu, kuanzia ufukweni hadi uwandani, wapate kuona mwinuko unafanya nini hasa ndani ya mawingu yale. Mtu angetarajia kwamba kilima huyasukuma mawingu yakawa marefu na makali. Rada zilionyesha kinyume: yakiingia nchi kavu na kupanda, mawingu yalikuwa mafupi zaidi na tulivu zaidi. Ufukweni theluji ilikuja kwa vishindo na vipindi, wingu kali, kisha anga tupu, kisha wingu tena. Uwandani vile vipindi vitupu vilikuwa vimejazwa. Saa moja moja haikuwa na theluji ya kutisha. Saa zilikuwa nyingi tu, zimefuatana. Kwa mwenye ubao maana yake ni kwamba ufukweni unaweza kungoja mwanya wa kwenda kupima bila kulowa. Montague mwanya haupo, unavaa koti na kutoka saa ikifika.